Kilomita 3,000, 5,000 au 15,000: gari linaloishi Dodoma limwagwe oili lini?

Kwenye kona ya kioo cha mbele cha magari mengi ya Dodoma kuna stika ndogo yenye namba mbili: kilomita zilizosomeka siku oili ilipomwagwa, na kilomita za kurudi tena gereji. Tofauti ya namba hizo inategemea uliingia kwa nani. Kuna fundi anayejumlisha 3,000 kwa kila gari, liwe Vitz la kwenda sokoni au Land Cruiser la kwenda porini. Jirani yake anajumlisha 5,000. Muuza oili ya sinthetiki, ile iliyoundwa kiwandani idumu zaidi, anakuhakikishia 10,000. Halafu yupo mwenye gari aliyeperuzi mtandaoni usiku, akakuta kiwanda chenyewe kimeandika 15,000, na asubuhi anakwenda kumgombeza fundi kwamba miaka yote hiyo alikuwa anamla hela.

Hakuna mwongo kati yao. Kila namba ilikuwa sahihi kwa gari fulani, kwa oili fulani, kwenye barabara fulani. Inapohama na kuacha masharti yake nyuma ndipo injini zinapoumia, au fedha zinapopotea bure.

Namba hizi zimetoka wapi

Tuanze na 15,000, maana ndiyo yenye ugomvi mwingi. Kwa magari yake ya petroli yasiyo na tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada) yanayouzwa Japani, Toyota huelekeza oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au kila mwaka, kinachotangulia. Yenye tabo ni kilomita 5,000 au miezi sita. IST, Passo, Premio, Raum na Noah tunazoendesha huku nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya soko hilo, ndiyo maana kitabu kilichobaki ndani ya dashibodi kimeandikwa Kijapani na hakuna anayekifungua.

Mwongozo huohuo una sehemu ya pili ambayo wanaoperuzi usiku hawaifikii. Inahusu magari yanayotumika katika mazingira magumu, nayo inazikata namba zote nusu: 7,500 au miezi sita kwa gari lisilo na tabo, 2,500 au miezi mitatu kwa lenye tabo. Mazingira hayo yametajwa moja moja: barabara mbovu na za vumbi, safari fupifupi zisizozidi kilomita nane, milima ya mara kwa mara, injini kunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama, na gari kutembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Mwenye gari wa Nagoya, kule Japani, anaweza kuiruka sehemu hiyo. Wa Nkuhungu, hapa Dodoma, ndiye hasa aliyeandikiwa.

Upande wa pili, 3,000 na 5,000 ni urithi wa injini za kabureta na oili za kawaida za zamani, zilizochoka mapema. Hata Marekani, gereji zilihubiri maili 3,000 kwa miongo mingi, yaani kama kilomita 4,800, na watu wakaendelea kuishika namba hiyo injini zilipokwisha kubadilika. Ila fundi wetu ana sababu nyingine ambayo hataitamka mbele yako: hajui ulichonunua. Oili bandia ipo sokoni, na galoni lenye nembo maarufu linaweza kuwa limejazwa oili iliyokwisha kutumika, ikachujwa na kufungwa upya. Akikuandikia 3,000 anajikinga na lawama. Mimi simlaumu, ingawa dawa ya oili bandia ni kununua mahali panapoaminika, maana oili mbovu haigeuki kuwa nzuri kwa kumwagwa mapema.

Kinachoisha ndani ya oili

Sehemu kubwa ya kilichomo kwenye galoni ni mafuta ya msingi. Iliyobaki ni kemikali zilizochanganywa humo kwa kazi maalumu: zinazosafisha pistoni, zinazoshika masizi yaelee yasigande, zinazoua asidi, zinazoweka utando chuma kisisagane na chuma, na zinazozuia oili yenyewe isiungue na kuwa nzito. Mafuta ya msingi huvumilia sana, kemikali ndizo zinazotangulia kuisha. Na haziishi kwa sababu kilomita zimepita. Zinamalizwa na joto, hewa, petroli isiyoungua, maji, masizi na vumbi. Kilomita ni kipimo cha kukadiria tu, kwa kuwa ndicho kilichopo kwenye dashibodi.

Hapa pia ndipo rangi inapowadanganya wengi. Oili iliyogeuka nyeusi inafanya kazi yake, kama maji ya kufulia yanavyochafuka kwa sababu sabuni imeutoa uchafu kwenye nguo. Kwenye dizeli inaweza kuwa nyeusi siku ileile iliyowekwa. Ya kuogopa zaidi ni ile inayobaki safi miezi na miezi kwenye injini chafu, kwa maana uchafu umebaki ndani. Kuisugua kati ya vidole hakukuambii kama kemikali zimekwisha. Kunaweza kukuambia mambo mengine: ikinuka petroli, ikiwa na rangi ya maziwa, au kipimo kikipanda badala ya kushuka, kuna kitu kimeingia kisichostahili kuwemo.

Saa zinasema zaidi kuliko kilomita

Matrekta ya Kongwa hayana haja ya kuhesabu kilomita. Yana mita ya saa, na mengi hubadilishwa oili kila saa 250 za kazi. Jaribu hesabu hiyo kwenye gari. Gari linalotembea kwa wastani wa kilomita 70 kwa saa litazimaliza kilomita 5,000 kwa kama saa 71. Linalojikokota kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa litatumia saa 250 kufika palepale. Stika ni ileile, lakini injini ya pili imefanya kazi mara tatu na nusu zaidi.

Kwa upande huu Dodoma ina nafuu. Foleni yetu ni ya asubuhi na ya jioni, wala haifanani na ile ya Dar es Salaam ambako mtu anaweza kumaliza tanki akiwa ndani ya jiji. Mtumishi ambaye familia yake bado iko Dar, anayeondoka Ijumaa na kurudi Jumapili, anaitembeza injini kama kilomita 900 kwa wikiendi, nyingi zikiwa za lami na mwendo wa kutulia. Hakuna maisha mepesi kwa oili kuliko hayo. Huyu akiwa na injini nzima isiyo na tabo, oili ya sinthetiki yenye daraja sahihi na filta nzuri, akafika 7,500, sioni wa kumsuta. Wengine huenda hadi 10,000. Hapo mimi husita, kwa sababu ya vumbi nitakalolieleza mbele.

Anayeumiza injini bila kujua ni yule mwenye kilomita chache. Anakaa Area C, ofisi iko mjini, watoto anawashusha shule njiani, mchana anarudi kula, jioni anapita Sabasaba kununua mboga. Kila safari ni kilomita tatu au nne. Kwa mwaka hafikishi hata 6,000, na anajivunia kwamba gari lake halichoki.

Petroli inapoungua huzaa maji. Kila lita moja ya petroli hutoa maji yanayokaribia lita moja, karibu yote yakitokea ekzosi kama mvuke. Kiasi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili, pamoja na petroli ambayo haikuungua wakati injini ingali baridi. Oili ikipata moto vizuri, mvuke huo hupaa na kurudishwa kwenye injini uchomwe. Tatizo ni kwamba mshale wa joto kwenye dashibodi unaonyesha maji ya rejeta, na oili huchelewa kupata moto kuliko maji. Ukizima injini baada ya kilomita tatu, asubuhi ya Juni au Julai Dodoma ikiwa na baridi yake ya nyuzi 13 au 14, maji na petroli vinabaki humo, na kesho unaongezea vingine. Fungua kifuniko cha kuwekea oili cha gari la namna hii utaona utando wa rangi ya krimu kwa chini. Utando huo ukiwa kwenye kifuniko peke yake, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi. Ukionekana hadi kwenye kijiti cha kupimia, na maji ya rejeta yanapungua, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, na hapo zungumza na fundi kabla hujazungumza na muuza oili.

Kwa mtu huyu stika ya kilomita haina maana. Abadili kila miezi sita, basi. Na mara mojamoja alipeleke gari hadi Kibaigwa na kurudi, injini ipate moto wa haki.

Vumbi

Hili ndilo linaloitofautisha Dodoma na sehemu nyingi ambako miongozo iliandikwa. Mvua zetu huanza Desemba na kukoma Aprili, baada ya hapo ni miezi ya ukame, na kuanzia Agosti upepo unakusanya udongo wote ulioachwa wazi. Lami imeongezeka sana tangu serikali ihamie, lakini mitaa mipya inayoota pembezoni bado ni ya vumbi, na ukielekea vijiji vya Chamwino, Bahi au Mpwapwa unaweza kutembea nyuma ya lori kwa nusu saa usione hata namba yake.

Udongo huo umejaa silika, ambayo ni ngumu mno kuliko metali laini za beringi na inakwaruza hata ukuta wa silinda. Chembe kubwa hazina madhara makubwa kwa kuwa hunaswa mapema. Zinazoua ni zile zisizoonekana kwa jicho, za ukubwa unaotosha kuingia kwenye ule utando mwembamba wa oili kati ya chuma na chuma. Filta ya oili haizikamati zote. Zikishaingia zinazunguka na oili, zinakwangua, na kila zinapokwangua zinaongeza unga wa chuma unaokwangua na wenyewe.

Zinaingilia wapi? Karibu zote kwenye njia ya hewa: eya klina (filta ya hewa) iliyochakaa, isiyokaa sawa kwenye boksi lake, au mpira wa hewa uliopasuka kati ya boksi hilo na injini. Kifuniko cha oili kilicholegea na kijiti cha kupimia kisichozama hadi mwisho navyo ni milango. Kuna desturi ya kupuliza eya klina kwa kompresa kila inapochafuka. Upepo mkali huitoboa karatasi matundu usiyoyaona, na ukipuliza kutoka upande wa nje unasukuma vumbi ndani zaidi. Eya klina iliyopulizwa mara nne inapendeza machoni na inapitisha mchanga.

Kwa hiyo, ukiniuliza shilingi ya ziada iende wapi kwa gari la Dodoma, nitasema iende kwenye eya klina mpya kabla ya kwenda kwenye kumwaga oili kilomita 2,000 mapema. Kubadili oili kunaondoa vumbi lililokwisha kuingia na kukwangua. Eya klina inalizuia mlangoni. Mwenye gari anayemwaga oili kila 3,000 huku mpira wa hewa umefungwa kwa selotepu anatwanga maji kwenye kinu.

Joto la Dodoma na oili nzito

Utasikia: "Huku kwetu kuna joto, weka 20W-50, hizo nyepesi ni za Ulaya." Maneno haya yameingiza oili nzito kwenye injini nyingi zisizoitaka. Injini ina thermostati inayoshikilia joto lake, na oili ikishapata moto huwa inacheza kwenye nyuzi 90 hadi 110 au zaidi, iwe Dodoma au Sapporo. Namba ya pili kwenye galoni, ile 20, 30 au 50, hupimwa oili ikiwa nyuzi 100, kwa hiyo jua la Chamwino la nyuzi 33 halibadilishi hesabu kwa kiasi cha kuruka madaraja mawili. Herufi W inahusu baridi ya kuwashia.

Injini nyingi ndogo za Toyota za miaka ya 2000 kuja huku zimeandikiwa 5W-30 au 0W-20. Mfumo wake wa VVT-i, unaorekebisha wakati wa valvu kufunguka, unasukumwa na oili hiyohiyo kupitia njia nyembamba, na nzito huchelewa kufika, hasa asubuhi. Gari lililochoka na linalokula oili linaweza kupandishwa daraja moja, kutoka 30 kwenda 40, hilo ni jambo la kawaida na halina ubishi. Angalia pia herufi za API (Taasisi ya Petroli ya Marekani, inayopanga madaraja ya oili) kwenye galoni: kwa petroli zinaanza na S, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo oili inavyokuwa ya kisasa. SP ilitoka 2020, SL ni ya 2001. SF, ambayo bado inauzwa kwenye maduka ya spea, ni daraja la magari ya miaka ya 1980. Kuiweka hiyo kwenye gari la 2012 kisha kusubiri kilomita 7,500 ni kutafuta kesi.

Injini nyingi hufa kwa kupungukiwa

Mabishano yote haya ya lini kubadili yanaficha jambo ambalo, kwa maoni yangu, limenokisha injini nyingi zaidi: oili kupungua kati ya sevisi na sevisi. Injini ya IST, ile 1NZ, inabeba kama lita 3.7 pamoja na filta. Gari la umri wake linaweza kula lita moja kila kilomita 1,500 bila moshi wa kumshtua mtu. Kufika 3,000 limebakiwa na chini ya nusu. Mwenye stika ya 5,000 anayesubiri siku yake bila kuchomoa kijiti hafiki.

Na mara nyingi halizimiki mjini. Linasubiri siku ya safari, pengine ya Iringa kupitia Mtera, gari likiwa limejaa na mlima wa Nyang'oro uko mbele. Oili kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja kwenye kona, pampu inavuta hewa, na taa nyekundu ya oili inawaka. Taa hiyo haikumbushi sevisi. Inasema presha ya oili imekwisha, na muda ulionao ni wa kusogea pembeni na kuzima, wala si wa kufika kijiji kinachofuata.

Pima mara moja kila wiki mbili, gari likiwa mahali tambarare, asubuhi kabla ya kuliwasha. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti ni karibu lita moja kwa magari mengi madogo. Usiipite alama ya juu pia: oili iliyozidi hupigwa na kranki ikajaa povu.

Basi, kwa gari la kawaida la petroli linaloishi Dodoma, lisilo na tabo, linalochanganya lami na vumbi, mimi ningesema kilomita 5,000 kwa oili ya kawaida, 7,000 hadi 7,500 kwa sinthetiki, au miezi sita, kinachotangulia, na filta ya oili kila mara. Linaloishi kwenye vumbi tupu lisivuke 5,000 hata kwa sinthetiki. Hilux na Land Cruiser za dizeli zinazokwenda vijijini, 5,000. Wenye magari ya petroli yenye tabo, yule fundi wa 3,000 mliyemcheka ndiye aliyesema karibu na kitabu. Bodaboda wako kwenye dunia yao: pikipiki nyingi zina oili ya kama lita moja tu, na hiyohiyo inahudumia gia na klachi, kwa hiyo wanaobadili mapema hawapotezi kitu.

Gari lililotoka bandarini juzi lisirithi stika ya mtu. Kwenye fremu ya mlango wa dereva mara nyingi utaona karatasi ya gereji ya Japani yenye tarehe na kilomita, na mwaka unaweza kuwa umeandikwa kwa kalenda yao: 5 ya Reiwa ni 2023. Hata ikionekana ya karibuni, mwaga. Hujui lilikaa muda gani yadi na melini.

Oili iliyomwagwa nayo ina mahali pa kwenda, na hapa tuna mazoea mabaya. Huku kwetu hupakwa kwenye nguzo za uzio na mbao za kenchi dhidi ya mchwa, au humwagwa nyuma ya nyumba kutuliza vumbi. Imebeba metali na mabaki ya kuungua yanayoweza kusababisha saratani, na haiozi kwa urahisi. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili yanatoka ardhini, kwenye visima vya Makutupora, na nyumba nyingi zimechimba vyao wenyewe. Ukibadilishia gari nyumbani, irudishe oili chafu kwenye galoni lililobaki tupu, ufunge, uipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia. Kabla ya kuiacha waulize ni nani huja kulichukua hilo pipa likijaa.